Fungu la Mgonjwa

Simu ya Mwanalima ililia saa moja unusu ya asubuhi, na kabla hajaitazama alijua ni Abdulhakim. Kila siku ya Mungu isipokuwa Ijumaa, yule kijana wa kampuni alimpigia kutoka Mombasa kumuuliza rangi. Kijani maana yake mambo shwari, manjano ni kazi kwa tahadhari, nyekundu ni kusimamisha kila kitu. Mwanalima alizoea kujibu kijani huku akikoroga chai. Bahari ikiwa tulivu na petroli ipo, kisiwani Kudhaa kulikuwa na nini zaidi cha kumwambia mtu wa Mombasa?

"Dada Mwanalima, nasikia Kismayu kumechafuka."

"Hata mimi nimesikia."

"Wachukuzi wa sokoni wamegomea ushuru, mawe yamerushwa, watu wamekamatwa. Ofisi inataka tathmini leo hii. Kamatakamata hii itatugusa vipi? Boti ya barafu itatoka kama kawaida? Na kuna mtu wetu yeyote aliyekamatwa?"

Mwanalima aliweka kijiko chini. "Nipe mpaka mchana," alisema. "Wacha niulize kwanza."

Hakuwa na haja ya kuuliza. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amepigiwa simu na Nassor, muuza dawa wa Kismayu, akaambiwa kwamba ndugu yake Ilyas alizolewa jana na askari mlangoni pa duka, pamoja na vijana wengine hamsini au zaidi. Ilyas alikuwa mzamiaji, na sikio lake la kushoto lilikuwa limepasuka kwa kuzama, linatoa usaha. Jumapili alipanda boti ya barafu, inayobeba mzigo wa kampuni kwenda Kismayu, akaenda kutibiwa. Jumanne, ghasia zilipoanza, alikuwa akitoka dukani na mfuko wa dawa mkononi. Askari mmoja alimpigia kelele asimame, yeye akaendelea kutembea.

Mwanalima hakutaka jina hilo liingie kinywani mwa kampuni kabla hajamtoa ndugu yake kwa mikono yake mwenyewe. Na alidhani anajua namna ya kumtoa.

Mumewe, Mahmudi, alikuwa uani akifunga mpira mpya kwenye miwani ya kuzamia. Alimsikiliza bila kuinua kichwa, na aliposikia habari ya sikio, mikono yake ikasimama. Akishtuka, Kibajuni kilimtoka, mtu akawa mchu na watatu wachachu.

"Mchu hasikii, watamfanya nini?"

"Washamfanya mkaidi."

"Basi twende tukawaambie ni mgonjwa."

"Mahmudi, wamekamatwa watu hamsini. Leo wote ni wagonjwa, wote walikuwa wakenda kununua dawa. Mimi nitakwenda na karatasi."

Akamwekea karatasi magotini. Hapa ni lazima ielezwe karatasi hii, kwa sababu ndiyo iliyowaponza. Kampuni ilinunua mikia ya kamba wakubwa wa mwambani, na wanunuzi wa ng'ambo walitaka kujua kila mkia ulizamiwa na nani, wapi, siku gani. Kwa hiyo kila chombo kiliporudi, Mwanalima aliandika majina ya wazamiaji, mahali na saa, akapiga muhuri, akatuma picha. Kampuni nayo ikamtumia kila mwenye jina fungu lake kwenye simu. Asiye na jina hapati kitu. Mwanalima alikuwa mtu wa kwanza Kudhaa kukabidhiwa muhuri, na tuseme kweli, aliupenda. Aliuweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, mahali ambapo wanawake wengine huweka dhahabu.

Lakini Kudhaa kulikuwa na desturi yake kabla ya kampuni na kabla ya muhuri. Mzamiaji akiugua, wenzake humkatia fungu lake sawa na wao mpaka apone. Hapewi kwa huruma wala haombi. Zamani lilikuwa fungu la samaki, linapelekwa nyumbani kwake likiwa limefungwa kwenye ukili. Sasa kwa kuwa fungu linatoka kwenye orodha, Mwanalima alimwandika mgonjwa kwenye orodha, basi. Hakuwahi kuliona hilo kuwa uongo. Angemwandika wapi kwingine? Ndiyo maana orodha ya Jumanne ilisema kwamba Mahmudi, Famau, Mukhtari na Ilyas walizamia mwamba wa Fuma kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane mchana.

Mahmudi aliitazama karatasi kwa muda. Kusoma kulimpa taabu, ila jina la shemeji yake alilijua.

"Lakini hakuwako."

"Jina lake liko."

"Mwanalima, mimi nilikuwamo chomboni. Tulikuwa wachachu."

"Watatu au wanne, askari wa Kismayu atajuaje? Karatasi ina muhuri wa kampuni. Mtu aliyekuwa Fuma hawezi kurusha mawe Kismayu. Wataiona, watamwachia, tutarudi naye."

Mahmudi aliinuka akaenda kutafuta shati safi.

*

Walipanda boti ya barafu ilipokuwa ikirudi mjini, wakafika Kismayu saa nane na nusu. Mji ulikuwa umenyamaza kwa namna isiyopendeza. Soko la samaki lilikuwa tupu, mabanda yamefungwa kwa kamba na minyororo, na kwenye lango la bandari malori ya unga yalikuwa yamepanga foleni, madereva wamelala chini ya vivuli vya magurudumu. Mwanalima aliyahesabu bila kutaka. Unga huo ndio uliopakiwa kwenye boti ya barafu kila baada ya siku tatu kwenda Kudhaa, pamoja na sukari na petroli, na kila kitu kisichoota juu ya mawe ya kisiwa. Mwenye bajaji aliwatoza mara mbili ya nauli ya kawaida kwa kuwa, alisema, barabara ni mbaya leo.

Kituoni waliambiwa wakae chini, nje ya ukuta, pamoja na akina mama wengine. Hapakuwa na kivuli. Askari wa mlangoni aliwauliza kabila lao, na Mahmudi alipojibu Bajuni, yule askari akacheka na kumwambia mwenzake kuna harufu ya samaki imeingia. Mahmudi alitazama viatu vyake. Alikuwa ameoga kwa sabuni asubuhi hiyo, na Mwanalima alijua hivyo, na hilo lilimuuma kuliko ile kejeli yenyewe.

Baada ya saa nzima waliitwa. Mkuu wa zamu aliitwa Abdirahim, mtu mnene mwenye macho ya usingizi, meza yake imejaa simu za watu waliokamatwa, kila moja imefungwa karatasi yenye jina. Mwanalima alizungumza Kisomali chake kizuri cha sokoni. Alisema yeye ni karani wa kampuni, na amekuja na ushahidi. Akaweka karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja.

Abdirahim aliisoma yote, mpaka muhuri. Halafu akaisoma tena.

"Abaayo, dada yangu, nani amekupa hii?"

"Nimeiandika mwenyewe."

"Hapa pameandikwa jana saa nne ndugu yako alikuwa baharini, Fuma."

"Ndiyo, mkuu."

Abdirahim alifungua saraka, akatoa mfuko mdogo wa plastiki wenye chupa ya matone ya sikio na vidonge, akauweka kando ya karatasi.

"Ndugu yako ameniambia alikuwa duka la dawa. Ameniambia mara tatu, na mara zote maneno ni yaleyale. Leo asubuhi muuza dawa amekuja kwa miguu yake akasema kweli, huyu alikuwa kwangu, ni mgonjwa, hasikii upande mmoja. Nilikuwa nimemweka kwenye orodha ya watakaotoka jioni." Akaigonga karatasi kwa kidole. "Sasa wewe unaniletea muhuri unaosema hakuwa duka la dawa. Kwa hiyo ananidanganya yeye, na muuza dawa naye ananidanganya. Kwa nini mtu adanganye alikuwa mjini siku ya mawe, kama hafichi jambo kubwa zaidi?"

Mwanalima alitaka kuichukua ile karatasi, na mkono wake kweli ulinyanyuka, lakini Abdirahim alikuwa ameilalia kwa kiwiko.

"Au inadanganya karatasi," Abdirahim alisema. "Hilo nalo linawezekana. Ila karatasi hii ndiyo inayotumika kutoa mzigo nje ya nchi. Ikiwa ni ya uongo, uniandikie kwa mkono wako, upige muhuri huohuo, na nakala naipeleka ofisi ya bandari. Sitaki kesho niulizwe kwa nini nilikalia jambo la mizigo. Kesho saa mbili lori linaondoka na wale ambao sijaelewa habari zao. Wanapelekwa mbali, na huko mimi sina neno. Nafunga ofisi magharibi. Amua ipi ni ya kweli."

*

Walimruhusu kumwona Ilyas kwa dakika chache kupitia nondo za dirisha. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na siku moja ya rumande ilikuwa imemwongezea mitano. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umevimba. Alimgeuzia sikio zima.

"Dada, mbona wameninyima kutoka? Waliniambia jioni."

"Nimeleta karatasi."

"Karatasi gani?"

"Orodha ya Jumanne."

Ilyas alifikiri kidogo, kisha akaelewa, akaweka paji la uso kwenye nondo. Hakukasirika. Angekasirika, Mwanalima angepata la kumjibu.

"Mimi nimewaambia kweli," alisema. "Nilidhani kweli itatosha."

"Ilikuwa inatosha, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyeivuruga."

"Hawajanipa dawa tangu jana. Linanipiga mpaka kwenye meno."

Askari akagonga nondo kwa rungu, muda umekwisha.

Nje ya ukuta Mwanalima aliketi palepale alipoketi mwanzo, akampigia Abdulhakim. Ahadi ya mchana ilikuwa imepita kitambo, na yule kijana alikuwa amemtafuta mara sita.

"Dada, ofisi inanikaba. Nipe picha ya hali ilivyo."

"Malori ya unga yamesimama bandarini, kumi na moja. Soko limefungwa. Kiwanda cha barafu kinafanya kazi, mwenye boti anasema atatoka kesho kutwa akipata kibali. Na kuna mzamiaji wetu mmoja amekamatwa. Hana kosa."

"Mmoja si tatizo. Hiyo ni manjano. Nitaandika usumbufu mdogo."

"Abdulhakim, nikuulize. Kwa mfano tu. Kamatakamata ni manjano. Orodha ikiwa na jina la mtu ambaye siku hiyo hakuzamia, hiyo ni rangi gani?"

Abdulhakim hakuwa mtu mbaya. Mwanalima hakupata kumwona, ila alijua ana mama mgonjwa Likoni na kwamba alipenda kusema samahani.

"Dada, wanunuzi wakisikia jina moja ni la uongo, watasema yote ni ya uongo. Si chombo kimoja, ni eneo zima. Kudhaa yote itafutwa, na barafu ikifutwa na boti imefutwa. Hiyo si rangi tena." Akashusha sauti. "Sasa samahani, mimi sijakuuliza swali hilo, na wewe hukuniuliza. Usiniambie kitu ambacho itanibidi nikiandike."

Akakata simu. Mahmudi alikuwa amesimama jirani, amesikia yote, maana ile simu ya Mwanalima spika yake ilikuwa ikipayuka.

"Vyombo ishirini na vichachu," Mahmudi alisema.

"Najua idadi yake. Naviandika mimi."

"Famau ana watoto sita. Mukhtari ndiyo kwanza ameoa. Boti ikikatika, unga utatoka wapi? Mayi ya kunywa yenyewe kisima kimeshaanza chumvi." Alichuchumaa mbele yake, akazungumza polepole kama mtu anayejaribu asimwamshe mtoto. "Sisemi tumwache. Nasema tumtafute mzee mkubwa anayejuana na hawa, tumtume. Kesho, kesho kutwa."

"Kesho saa mbili ameshapakiwa."

"Watu hurudi, Mwanalima."

"Nitajie mmoja."

Akina mama waliokaa ukutani walikuwa wakiwatazama, na mmoja wao, aliyekuwa na picha ya mwanawe kwenye simu na hakuwa na karatasi yoyote ya mtu yeyote, akasogea kidogo ili Mwanalima apate kivuli cha mtandio wake. Alikuwa hajui kinachozungumzwa, aliona tu mwenziwe amebanwa.

Mwanalima alijaribu kufikiri kama karani. Upande mmoja kisiwa kizima, upande mwingine mtu mmoja. Kwenye fomu ya Abdulhakim jambo hilo lingejazwa kwa dakika moja, na hakuna angemlaumu aliyejaza. Lakini kila alipotaka kuiweka hesabu sawa, alimwona Ilyas akimgeuzia lile sikio zima, na hesabu ikamwagika. Alikuwa amemlea tangu mama yao alipofariki kambini kwa wakimbizi, Kenya. Alimbeba mgongoni kwenye foleni za unga. Sasa ni yeye, si serikali wala wachukuzi, aliyemfungia mlango uliokuwa umeshafunguka.

Akatoa muhuri mkobani, alioutia humo asubuhi pamoja na karatasi.

"Ukiandika," Mahmudi alisema, "mimi sitakuzuia. Ila nitakaporudi Kudhaa, sitaweza kukusemea."

"Sijakuomba unisemee."

*

Aliandika kwa Kiswahili, halafu kwa Kisomali chini yake, kwa hati ile ile nzuri iliyompatia kazi. Mimi, Mwanalima, karani wa Kudhaa, nimemwandika Ilyas katika orodha ya Jumanne ilhali hakuwamo chomboni. Nimemwandika kwa sababu ni mgonjwa na ni desturi yetu mgonjwa akatiwe fungu. Hakuna mwingine wa kulaumiwa. Akapiga muhuri. Wino ulikuwa umekauka kidogo, ikambidi apige mara mbili.

Abdirahim alisoma, akafika kwenye neno la desturi, akainua macho.

"Hii kwetu nako iko," alisema. "Mtu akiugua, ngamia wake wananyweshwa na wenzake." Alionekana kutaka kuongeza jambo, hata kuirudisha ile barua pengine. Kisha simu ya mezani ikalia, akajibu ndiyo, ndiyo, hamsini na watatu, na alipoiweka chini alikuwa mkuu wa zamu tena. Akaipiga barua picha na kuituma bandarini.

Ilyas alitolewa jioni hiyo. Walimpa matone ya sikio, lakini vidonge hawakuviona tena.

*

Kampuni haikugomba. Siku ya tatu, wakiwa wamesharudi Kudhaa, Mwanalima alipokea ujumbe wa mistari minne, wenye heshima, unaosema kwamba ununuzi wa Kudhaa umesitishwa mpaka uchunguzi ukamilike, na kwamba kutokana na hilo safari za boti hazitakuwapo. Hapakuwa na neno moja kuhusu malori, soko wala waliokamatwa. Baadaye Abdulhakim alimpigia akamweleza, akisema samahani katikati ya kila sentensi, kwamba ghasia zenyewe zilikwisha kwa siku mbili, ushuru ukapunguzwa, bandari ikafunguliwa, na sehemu zote za pwani ni kijani. Kudhaa peke yake ndiyo nyekundu.

"Ila ofisi inaomba uendelee kutupa habari kila asubuhi," alisema. "Wanasema wewe habari zako ni za kuaminika."

"Mtaleta barafu?"

"Barafu hapana, dada. Habari tu."

"Na unga?"

"Samahani."

Mwanalima hakumtukana. Alimwambia rangi ya leo ni nyekundu, na ya kesho pia, asijisumbue kupiga.

Kisiwani hakuna aliyempigia kelele, nalo likawa gumu zaidi. Alikwenda kisimani, wanawake wakampisha mbele kama apishwavyo mgeni. Alisalimu, akajibiwa salamu kamili, na baada ya salamu hakuna aliyemuuliza jambo. Mahmudi alikula, akalala, akaenda mwambani na kurudi, na maneno yake yote ya siku yangeenea kwenye kiganja. Ilyas alishinda ndani, kitambaa kichwani. Homa ilimshuka siku ya tano. Siku hiyo Mwanalima alilia kwa furaha peke yake jikoni, akaona haya, akaosha uso kabla mtu hajamwona.

Na watu walianza kula kamba. Kamba aliyekuwa akizamiwa na watu wa Kudhaa miaka yote na kuliwa na watu wasiojulikana, sasa mikia ilichemshwa kwenye kila sufuria kwa kuwa hapakuwa na pa kuiweka. Siku ya kwanza watoto waliichekelea karamu. Siku ya nne walilia wakitaka mkate. Katika duka la kisiwa mlikuwa mmebaki viberiti, sabuni na nusu gunia la chumvi.

Mchana wa siku ya sita Zamzam, mke wa Famau, aliingia uani kwa Mwanalima na sinia. Walikuwa majirani tangu kambini, walizalishana. Tangu barua ile hakuwa amevuka kizingiti. Aliweka sinia juu ya mkeka mbele ya Ilyas, aliyekuwa ameketi nje kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mikia mitatu mikubwa, imechemshwa kwa mayi ya chumvi.

"Kula," alimwambia. "Mmoja wa hawa ni dola kumi na mbili huko waendako. Kula, weye ndiye uliyetugharimu."

Ilyas alikuwa amenyoosha mkono. Akaurudisha, akauweka juu ya goti.

"Niliyeandika ni mimi, Zamzam," Mwanalima alisema kutoka mlangoni. "Niseme mimi."

"Weye nakusema kila siku nyumbani kwangu, mpaka watoto wamechoka kunisikia." Zamzam alijifunga leso upya, ingawa haikuwa imefunguka. "Nimekuja kukuuliza neno moya tu. Ukinijibu nitakwenda zangu. Angekuwa ni Famau wangu ndani ya nondo zile, na huyu ndugu yako yuko nyumbani mzima, ungeandika?"

Kuku mmoja alipita katikati yao akidonoa maganda. Mwanalima alikuwa na jibu. Ndiyo, ningeandika, sote ni wamoja. Lilikuwa jibu zuri, na lingemponya mbele ya Zamzam na mbele ya kisiwa kizima, na Zamzam alikuwa amesimama pale akilitaka, hilo lilionekana usoni mwake. Lakini Mwanalima alikwisha kupiga muhuri juu ya kisichokuwapo mara moja.

"Sijui," alisema.

Ilyas aliinamisha kichwa. Zamzam alimtazama Mwanalima, macho yakimjaa machozi, na hayakuwa ya hasira pekee. Kisha akavua viatu, akaketi kwenye mkeka, akavunja mkia wa kwanza kwa mikono yote miwili.

"Hata mimi sijui kama ungeandika," alisema, akimwita kwa mkono aje mkekani. "Ndoo ukae. Nyumbani hakuna kingine cha kula."